Seva ya Bandia, Kiboriloni

Maktaba ninayoiandika haizidi mistari mia sita:
inabisha hodi kwa seva ya kujengea programu,
inasema "jenga", inangoja, inauliza "umefika wapi?",
inaniletea majibu.

Seva yenyewe iko Dar, chumba chenye baridi ya kununua.
Kila nikibadilisha herufi moja
nakaa foleni nyuma ya kazi za watu wazima,
dakika arobaini, bando linavuja,
hadi Shekilindi wa zamu ananipigia:
"Wewe wa Moshi, mara kumi na tisa tangu asubuhi.
Unajenga ghorofa?"

Basi nikatengeneza ya kwangu, ya bandia,
juu ya meza, juu ya duka la mitumba.
Haijengi kitu. Haina hata tofali.
Ukiiuliza kazi namba saba imefika wapi
inajibu "imekwisha salama", mia mbili kamili,
kabla hujafunga mdomo.
Umeme ukikatika, betri moja inatutosha sote.
Siku tatu majaribio yote yalipita,
tiki za kijani, kijani kama migomba ya Rau baada ya masika,
nami nikajisifu kwa kujibiwa
maneno niliyoyaandika mwenyewe.

Kaka Kundaeli alipotaka kuoa
tulifanya hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia safari ya Machame
baba mdogo Ndekirwa alijifanya mkwe:
kavaa koti la sufi, kakalia kiti cha chuma,
sisi tukaweka kata ya mbege, tukaweka maneno.
Akiuliza, tunajibu. Akikunja uso,
tunajua kicheko kakificha wapi.
Kabla ya chakula cha usiku
alikuwa ameshamwoza binti yake wa kufikirika mara nne.

Kesho yake mkwe wa kweli alitupokea, akakaa.
Hakuuliza. Hakukataa.
Alimtazama kuku akivuka ua, mwanzo hadi mwisho,
na mshenga wetu, bingwa wa majibu,
akasahau jina la kijana.

Jumatatu nikaielekeza maktaba Dar.
Ikabisha hodi.
Seva haikusema ndiyo, haikusema hapana.
Skripti yangu ikasimama mlangoni, mkono juu,
saa nne, saa tano, mpaka adhuhuri,
nikaizima mwenyewe kwa aibu, kama mtu anayemwita mtoto
aondoke kwenye mlango wa watu.

Leo naifundisha ya bandia tabia mbaya.
Ichelewe. Ianze sentensi, ikate katikati.
Iseme "imekwisha" kwa kazi ambayo haijaanza.
Inipe mia tano na tatu, njoo baadaye,
bila kusema lini.

Na mara moja katika kumi, isijibu lolote.
Imtazame kuku.