Birika la Posta

Sikuwa askari. Naomba lianzie hapo.
Nilikuwa na meza, muhuri, na birika la bati
lililoletwa kutoka Unguja pamoja na risiti yake:
*Kwa chai ya watumishi.*
Posta ya Wete hatukunywa chai.

Barua za Mcha Khatib, fundi baiskeli wa Limbani,
ziliwekwa kando, chini ya daftari la vifurushi.
Mvuke ukipanda, ulimi wa bahasha hulegea
kama wa mgonjwa aliyechoka kuficha.
Nilinakili kwa penseli. Nikafunga kwa gundi ya uwanga.
Ijumaa nakala zilipanda gari kwenda Chake
nami nikaenda msikitini, safu moja na Mcha,
bega kwa bega, kidole kwa kidole,
imamu akihimiza: zibeni mianya.

Nilijua yake kuliko mkewe.
Deni la mabati kumi na mawili.
Jino la nyuma.
Mtoto aliyeko Tanga, asiyejibu.
Na ile hasira, kila barua, hata ya tanzia:
kwa nini mchumaji apimiwe pishi ya kilima
kisha alipwe kama ya kufuta?

Mfunguo Tatu akaanza kuandika kwa beti.

    Paka kaja na miwani,
    asema hataki nyama,
    yuauliza jikoni
    nani aliyelalama.

Chake wakairudisha nakala, wino mwekundu pembeni:
Paka ni nani? Taja jina, kazi na makazi.

Nilikaa na swali hilo siku mbili.
Paka wa Wete nawajua.
Wa sokoni ana sikio nusu. Wa hospitali ana mimba.
Nikajibu: "Paka ni paka, Bwana.
Mnyama wa nyumbani.
Mwandishi analalamikia kuibiwa samaki."
Huo ndio ushujaa wangu wote, siuongezi chumvi:
sentensi tatu,
na wiki nzima tumbo la kuendesha.

Kisha ikaja bahasha nyepesi, ya dada yake Mombasa.
Chini kabisa, baada ya kuwasalimu watoto mmoja mmoja:

"Nawe uliye katikati, salaam aleikum.
Dada asema barua zangu humfikia na sisimizi.
Ni huo uwanga wako.
Uchemshe na majani ya mwarobaini,
hawatausogelea."

Birika lilikauka maji, likaanza kunuka moto,
nami nimesimama.
Hilo nalo nilipaswa kulinakili.
Penseli ikakatika. Nikaichonga.
Nikaichonga mpaka ikabaki ya kushikwa kwa kucha.

Walimchukua siku za kuanika.
Karafuu zilikuwa zimetandazwa majamvini kandokando ya barabara,
na dereva, kwa haraka au kwa makusudi,
akapitisha magurudumu juu yake.
Mtaa mzima ulinukia kama siku ya harusi.

Baiskeli yangu ilikuwa kwake, mnyororo umekatika.
Baada ya siku tisa mkewe, Bi Time, akaja nayo akiikokota,
mnyororo mpya, breki zimekazwa,
hata kengele iliyokuwa bubu tangu niinunue
sasa inalia.
Nikatia mkono mfukoni.
"Hudaiwi," akasema. "Jina lako alikwisha kuliandika."

Sikuuliza daftari gani.