Chokaa ya Nyumba Yetu

Nyumba yetu hapa Ukunjwi ni nyeupe.
Wageni huisifu kabla hawajavua viatu.
Baba alichoma matumbawe siku tatu, usiku na mchana,
na kuni zake zilikuwa mikoko:
mizito, migumu, hukaa na moto kama mtu na deni.

Nilikuwa na miaka saba. Nilibeba maji ya kuzimia chokaa,
nikayasikia mawe yakipasuka, yakivuma,
nikadhani hivyo ndivyo utajiri unavyoanza.

Hakuna aliyehesabu mashina.
Bahari ilihesabu.

Mwaka wa kwanza ilifika kwenye tuta la Bi Mize Kombo,
ikarudi kama mtu aliyekosea mlango.
Mwaka wa pili haikurudi upesi.
Wa tatu, mpunga wetu wa kihogo uligeuka manjano kabla ya kutoa suke.
Mama akashuka bondeni, akachota udongo kwa vidole viwili,
akauonja,
akautema.
Usiku tulikula mchele wa gunia.

Kumbe ile mizizi iliyotuchoma nyayo
tukienda kuokota kombe
ndiyo iliyoushika mlango.
Kumbe kaa, kamba, na wana wa changu
walikuwa wapangaji mle, wasiodaiwa kodi.
Kumbe hata pumzi niliyopulizia tanuu
ilitoka kwenye majani yale yale
niliyokuwa nikiyateketeza.

Juzi, bamvua, maji yametoka mbali,
wanawake walikuwa matopeni na makapu ya mbegu
ndefu kama kalamu, kijani, zenye ncha.
Baba akaja. Amekunja suruali, miguu myembamba.
Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza.
Bi Mize, asiye na bonde tena,
alimhesabia mbegu hamsini mkononi:
"Ncha chini, Shaame. Usizizamishe mno."
Miaka kumi na tisa, na hayo ndiyo maneno yote.

Nyingi zilichukuliwa na maji. Nyingine kaa walizila.
Bamvua la pili baba alikuwepo.
La tatu pia, na kikohozi chake.
Ukuta wa magharibi umeanza kubanduka;
hataji kuupaka.

Jana nilipita kando ya mchu mmoja mchanga,
uliojiotea wenyewe, haukupandwa na mtu.
Jani lake lilimeta. Nikaliweka ulimini.
Chumvi.
Ile ile aliyoitema mama.
Mti umeinywa tangu alfajiri, kimya kimya,
na kuianika juani,
punje kwa punje.