Saa Tisa, Al Khoudh

Saa ya ukutani inasema tatu.
Mdomo wangu unasema tisa.
Usiku ni uleule,
na kiyoyozi kinakoroma juu ya vizimba kumi na viwili.

Leo siku ya tatu panya hawa hawajaona mwanga.
Hakuna aliyewaambia kumekucha,
hakuna adhana inayopenya ukuta huu,
na bado, jua likizama kule nje,
wanaamka, wanapanda magurudumu, wanakimbia
kama vibarua waliosikia honi.
Wanawahi kidogo tu, dakika chache kila siku,
kama saa ya marehemu iliyokosa wa kuirekebisha.

Nawasha taa nyekundu, hafifu.
Bismillahi. Huyu ndiye wa zamu hii.
Ini lake halifiki nusu ya tende,
na ndani yake, katika kila seli, kuna ugomvi wa nyumbani.

Kloki na mwenzake Bimali
(mimi humwita Bi Mali, kama jirani wa mtaani)
wamekaa juu ya uzi wa jeni, wanaamrisha:
azaliwe Peri, azaliwe Krai.
Wanazaliwa. Wanakulia uani, wanashikana mikono,
kisha hao, wanarudi ndani ya kiini
kuwaziba midomo waliowaagiza duniani.

Kimya.

Na Peri naye, tangu azaliwe anapigwa chapa,
fosfati moja, fosfati nyingine,
na kimeng'enya kisicho na haraka,
karani wa forodha na muhuri wake,
mpaka chapa zikitimia anaburutwa, anavunjwavunjwa.
Midomo inazibuka. Bi Mali anaanza upya.
Hiyo ndiyo siku.
Miaka yote nilidhani siku hutujia kutoka nje.

Jumatatu Dokta Muzna aliniita.
Kwenye mchoro wake mawimbi yalipanda, yakashuka,
ila nukta moja ilisimama juu peke yake:
Peri amejaa pale alipotakiwa kuwa amekwisha.
"Ghaniya, panya huyu ana maradhi gani?"
Nikatazama kichupa. Mwandiko wangu. Tisa.
"Si panya, dokta. Ni mama."

Ikabidi nieleze
kwamba mama alizaliwa Wete, akaletwa Maskati ana miaka minane,
kwamba amesahau rangi ya mlango walioufunga
na jina la mwalimu wake wa chuoni,
lakini jua likichomoza, kwake ni saa kumi na mbili,
na saa moja ni saa moja ya mchana, basi.
Kwetu tunaalikana hivyo harusini, tunazikana hivyo.
Kazini nasoma saa ya ukutani kama watu wote.
Ila usiku ukikomaa, mtu akichoka,
mkono huandika alichonyonya.

Alicheka mpaka akavua miwani.
Halafu akasema, kwao Birkat al Mauz
babu yake alikuwa hana saa.
Zamu ya maji ya falaji aliipima kwa nyota:
ikiukanyaga ukingo wa mlima, fulani anafunga, fulani anafungua,
na ole wake aliyesinzia.
Tisa yangu hakuifuta. Aliikata kwa mstari mmoja,
akaandika tatu pembeni, akatia saini.
Ndiyo kanuni: kosa liendelee kusomeka.

Natoka nje, mlima umeshaanza kuwa wa waridi.
Mwanga unanipiga machoni, ubongo unasema amka,
wakati mwili mzima unaomba mto.
Ubongo husikiliza jua. Ini husikiliza sahani.
Baada ya Ramadhani huchukua siku kadhaa kupatana,
na mimi naishi na hao wawili, kama mke mwenza asiyeulizwa.

Simu inalia kwenye mzunguko wa barabara.
"Uko wapi? Saa moja hii, chapati zinapoa."
Gari linasema saba.
Mama anasema moja.
Ini langu bado halijasema kitu.
Linangoja chapati.