Reli Ipi, Hawakusema

Saa tisa ya usiku, Crewe, jikoni mwa nyumba ya wazee,
nimefungua laptopu kati ya birika na trei ya dawa.
Chuo kimenikubali: shahada ya uhasibu, miaka sita,
kwa mtandao, hata ukiwa na nepi za watu wazima mkononi.
Kukubaliwa ni bure.
Kinachofuata ndicho chenye bei.

Fomu ya kwanza inauliza: una wategemezi wangapi?
Naandika saba.
Inauliza: wangapi unaishi nao chini ya paa moja?
Nafuta saba, naandika sifuri,
na papo hapo nimekuwa tajiri,
mwanamke mmoja, mshahara mmoja, midomo hakuna.
Ada ya Mghoi, dawa za presha za mama,
mabati ya Wundanyi yaliyobebwa na upepo wa Aprili,
vyote vimetoshea ndani ya yai lile la sifuri.

Fomu ya pili ni ya mkopo. Wananiambia hapana:
nilishasoma stashahada, Mombasa, mwaka wa tisini na nane,
kwa hiyo nimeshashiba.
Sikulia sana. Kukopa harusi, kulipa matanga,
na matanga nimeshayalipia ya kutosha kwa simu.

Ya tatu wanataka walio chini ya miaka ishirini na mitano.
Ya nne, mayatima wa mabaharia.
Ya tano, wakazi wa parokia moja isiyo hata na kituo cha basi.
Wafu wa nchi hii wameacha pesa nyingi,
ila kila marehemu alijua anampenda nani.

Kengele. Chumba namba kumi na moja.
Bibi Hollinshead, miaka tisini na mmoja,
hataki choo, hataki maji,
anataka kujua kwa nini macho yangu ni mekundu.
Nikamwambia. Saa hizo hakuna siri
kati ya anayepanguswa na anayepangusa.
Akacheka bila meno: uko mfuko, akasema,
mume wangu alikatwa peni sita kila Ijumaa karakanani
kwa ajili ya watoto wa watu wa reli.
Babako alikuwa nani?

Nilisimama na taulo.

Babangu alikuwa nyapara wa gengi, Voi,
miaka thelathini na mmoja akigeuza mataruma juani,
akiitambua kwa sikio nati iliyolegea.
Kuhesabu alinifundisha kwa mataruma hayo hayo,
mpaka elfu, bila kuruka hata moja, tukirudi nyumbani,
na nikikosea tunarudi tulikoanzia.

Asubuhi, kabla ya kulala, niliisoma katiba ya mfuko,
ukurasa mmoja wa taipu, umepinda kwenye skena.
Mtoto wa mfanyakazi wa reli, imesema.
Reli ipi, hawakusema.
Mtoto wa umri gani, hawakusema.

Nikajaza. Mzazi: Mwakio Mghanga. Kazi: reli.
Uthibitisho: nikapiga picha kifungo cha shaba cha koti lake,
ninachokiweka kwenye pochi tangu tulipomzika,
na kando yake nikalaza rula,
wasije wakasema nimekikuza.

Jibu lilichukua wiki tisa.
Pauni mia nne. Somo moja halifiki;
ni nusu yake na ushee.
Barua imesainiwa kwa wino na mweka hazina, Bwana Tunnicliffe,
naye ameongeza pembeni, kwa mkono unaotetemeka:
*Nimefanya kazi njia zote hizi. Voi siikumbuki. Iko njia ya wapi?*

Ya bara, nimemjibu, ukitokea Kilindini.

Ile nusu nyingine bado naitafuta.