Pima Mwenyewe

Imezimika katikati ya swali la kumi na nne,
mtihani wa Maarifa ya Jamii, darasa la sita:
*Taja sababu mbili za*
kisha kioo kikawa cheusi,
na ndani ya weusi ule nikajiona,
kanga begani, mdomo wazi.

Si Tanesco. Taa ya varanda inawaka,
wadudu wa ziwa wameizingira kama moshi
na wengine wanaangukia chai yangu.
Si Luku, uniti kumi na moja zipo.
Si soketi. Nimechomeka pasi, ikaniunguza kidole
ili nisibakize shaka.

Mashine hii nimeizaa kwa vipande.
Mazabodi ni ya ofisi moja ya bandarini iliyofungwa,
hadidiski ya binamu yangu Nkwabi
bado ina picha za harusi yake ya kwanza,
ramu mbili, Kulwa na Doto wasiofanana.
Pawa saplai peke yake niliinunua mpya,
Makoroboi, kwa Bugumba, elfu thelathini na tano.
Aliniwekea kiganjani: "Pima mwenyewe, dada.
Mzigo mwepesi ni takataka. Shika huu."
Nikapima. Mkono ukashuka.
Nikalipa.

Saa sita usiku, magoti sakafuni,
nimechomoa kila waya hadi kila kifaa kikawa yatima.
Nimenyoosha kibanio cha karatasi,
ncha moja kwenye waya wa kijani, nyingine kwenye mweusi:
ndivyo unavyoiamsha bila kupitia kwa mwenye nyumba.
Feni ikazunguka!
Mita ikasema kumi na mbili, nukta moja.
Nikafurahi kama mjinga, halafu nikaogopa,
maana kama huyu ni mzima
basi aliyekufa ni mazabodi,
na mazabodi sina pa kuiokota tena.

Nikamrudishia mzigo. Diski. Feni ya pili.
Macho kwenye mita, mita kwenye waya wa njano.
Kumi na moja.
Kumi.
Tisa na kitu.
Tik.

Nawajua watu wa namna hii.
Nimewahi kuolewa na mmoja:
hodari, ilimradi hana cha kubeba.

Sikuifungua usiku ule.
Kapasita hulala na umeme tumboni
hata baada ya kuchomoa,
nami nina mtoto wa kumpeleka shule.

Asubuhi Ng'wasi akanishikia tochi.
Skrubu nne, moja imeliwa kichwa.
Ndani: kapasita mbili zimevimba kama maandazi,
konzi nzima ya wadudu wa ziwa, wakavu,
koili nyembamba zisizotosha kuhesabiwa,
na kwenye kona, limegandishwa kwa gundi,
jiwe.

Jiwe. La kijivu, lenye chengachenga za kumeta,
ndugu wa haya yaliyoinama juu ya paa letu Mabatini.
Sijui lilitiwa kiwandani au hapahapa mlimani.
"Mama, jiwe nalo linatoa umeme?"
"Lingekuwa linatoa, mwanangu,
Mwanza tungewauzia majirani hadi ng'ambo ya ziwa."
Nikacheka mpaka tochi ikatikisika,
ingawa tochi alishika yeye.

Nkwabi alikuwa nayo moja kuukuu,
lebo imefutika, nyepesi kama kikapu kitupu.
Sikuipima kwa mkono.
Niliipa mzigo palepale mlangoni kwake,
yeye akinishangaa na mswaki mdomoni.
Kumi na mbili.
Nikanywa maji. Kumi na mbili.
Nikamuuliza habari za mke, wa sasa. Kumi na mbili.

Swali la kumi na nne lilikuwa limepotea.
Nililiandika upya, nadhani ndilo lilelile:
*Taja sababu mbili za miamba kupasuka.*

Kwa Bugumba sijarudi. Nitarudi.
Jiwe liko dirishani, juu ya mitihani,
upepo wa ziwa unasukuma pazia
na karatasi hazipeperuki.
Kwa kazi hiyo, silalamiki.