Valvu ya Kandambili

Mota hii ilikufa kwa kunywa maji.
Ilikuwa ya hoteli moja huko Upanga; kijana wa usafi
aliipitisha juu ya supu iliyomwagika,
ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Niliinunua kwa bei ya chuma chakavu
nikaisuka upya hapa Gerezani, mizunguko mia nne ya shaba,
nikihesabu kwa sauti, na Mkumbukwa wa kukunja bati
akitaja namba za uongo ili anipoteze.

Aliyeniagiza ni Bi Nyamizi,
msafishaji wa ukumbi wa sherehe, Mwananyamala.
Hakuja na mchoro. Alikuja na mfuko wa rambo,
akaumwaga juu ya meza yangu:
punje za pilau, vipande vya kadi, vijiti vya meno,
vumbi la pambo linalometa,
vyote vimeloa soda, vimeshikana kama kande.
"Hii ndiyo Jumapili yangu, saa kumi alfajiri.
Kikavu peke yake, nakifagia.
Maji peke yake, nayadeki.
Vikishaoana hivi, napiga magoti."

Nikadhani nina akili. Ndoo moja ya rangi, lita ishirini,
chujio la kanga, bomba la plastiki.
Ikafyonza vumbi. Ikafyonza soda.
Dakika tano, imeshapika uji;
uji ukaziba kanga, mota ikalia kama mbuzi wa Idi,
nikachomoa waya.
Mkumbukwa akauliza: tutakunywa na maandazi?

Maji yana uzito, na uvivu wa kugeuka.
Upepo ukipewa kona kali, unakunja na kwenda zake;
maji yanagonga ukuta, yanateremka.
Vumbi lina kiherehere. Linamfuata upepo
hata asikoalikwa mtu, na halishikwi ila kwa kitambaa.
Basi, ndoo mbili. Mota moja juu, shingo mbili chini.
Ya kushoto, kavu: mfuko wa marekani, umekunjwa mara mbili.
Ya kulia, maji: haina kitambaa, ina kona tu
na boya, kimpira cha tenisi ya meza,
kielee, kipande, kizibe mlango wa mota
maji yakifika shingoni.
Marehemu hatakunywa tena.

Kati ya shingo, valvu. Nilikata kandambili ya bluu,
ya mguu wa kulia, kisigino bado kina umbo la mwenyewe.
Nikataka ijigeuze: nyaya mbili mdomoni,
zikiguswa na maji zinaamsha sumaku,
sumaku inavuta kandambili.
Nyaya zile nilizionyesha mtaa mzima.

Bi Nyamizi akajaribu. Sumaku ilifanya kazi.
Ila ilichelewa, kiasi cha kupepesa jicho,
na katika mpepeso huo wali ulishaloa.
Akavua kiatu.
"Niwekee kanyagio hapa.
Mguu wangu unaijua sakafu kabla ya macho.
Nikiteleza, ni soda. Nikichomwa, ni wali."

Nikazikata nyaya. Iliniuma, sitadanganya.

Jumapili nilikwenda kutazama.
Viti vimepandana hadi karibu na feni,
jina la bwana harusi limebaki herufi tatu ukutani.
Yeye anatembea peku: kanyaga, achia, kanyaga,
kandambili ikipiga makofi ndani ya shingo
kwa ajili ya arusi iliyokwisha.
Ndoo ya kulia ilimwaga maji ya rangi ya machungwa.
Ya kushoto aliikung'uta juu ya gazeti:
wali mkavu, wa kuku wa jirani; pambo;
na hereni moja, ndogo,
ya mtu ambaye huenda bado amelala nayo nyingine sikioni.
Akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ndoo ya maji inavuja," akaniambia.
Nilikuwa nimeshaona. Pale pale, kwenye kona.