Koti la Asava

Nimemshonea Asava koti mara tatu
na mwenyewe hajaja kupimwa.

La kwanza liliagizwa na watu wa wizara.
Walishuka Landrova mlangoni pangu, Bondeni,
mwaka ule pareto ilipokosa bei,
wakasema, fundi Berita, tunataka koti la mwizi:
jeusi, kuukuu, lichanike begani.
Nguo mpya nikaichakaza kwa jiwe na majivu.
Sinema ilionyeshwa uwanjani, tumekaa kwenye nyasi,
shuka nyeupe imetundikwa ubavuni mwa lori.
Asava alikimbia dakika arobaini, kama siku za mwizi,
mbwa nyuma, askari mbele,
akafa kifudifudi katika Mto Njoro
na sauti nzito ikatuonya tulipe kodi.
Jenereta ikazimwa. Gizani mzee mmoja akaguna:
"Tangu lini Asava akakimbia?"

La pili, televisheni. Kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari
mtaa mzima ulijazana kwa Tapkigen, mwenye betri,
viatu mlangoni kama msikitini.
Hapo Asava alikuwa mtakatifu.
Walitaka mifuko kumi na miwili, nikaitia yote,
na kutoka kila mfuko alichomoa noti
akampa mjane. Mjane yuleyule kila wiki,
wamembadilisha kitambaa tu.
Alisema Kiswahili cha redio, Asava huyu,
"Ewe mnyonge, pokea,"
huku binti wa mzungu akimlilia dirishani.
Sehemu ya kumi na tatu walimpiga risasi
nami nikalia, nisidanganye,
ingawa nililia zaidi bitana ya hariri.

La tatu ni la juzi. Kijana mwenye hereni alinitumia vipimo kwa simu:
kifua, inchi arobaini na sita.
Nikampigia: huyu ni mtu au kabati?
Akacheka. La ngozi, Mama, na ndani hatavaa shati.
Wakapanda naye Menengai,
droni ikivuma kama nyuki aliyekosa mzinga,
akaruka ukingoni, koti likafunguka mabawa,
akatua juu ya pikipiki.
Pikipiki!
Niliitazama Kaptembwo, kibanda cha video cha Shikuku,
benchi shilingi ishirini,
mtafsiri akipayuka kwenye maikrofoni,
"Oneni kamanda! Huyu risasi zinamwogopa!"
na watoto wakapiga benchi kwa visigino.
Nikapiga na mimi.

Sasa niseme la nne, ambalo ndilo la kwanza.
Mama yangu, Rasoa, alikuwa na cherehani ya mkono
barazani pa duka la Mhindi, karibu na stesheni.
Mtu alikuja kupimwa.
Mimi nilikuwa chini ya meza naokota pini,
sikuona uso. Niliona miguu:
kiatu cha kushoto kimelika upande mmoja
kama sabuni.
Baadaye walisema taruma la reli lilimwangukia,
na kwamba sefu ya mishahara kule Rongai
aliivunja jioni, akaondoka akitembea,
polepole, akiwaamkia watu njiani,
maana nani atamshuku kiguru?
Daftari la Mama ninalo. Kifua thelathini na nne.
Bega la kushoto liko chini. Kaki. Mfuko mmoja, wa ndani.

Hakurudi kulichukua.
Linaning'inia nyuma ya pazia;
kila Januari nalipiga brashi, nalitia dawa ya nondo.
Kijana mwenye hereni aliligusa mkono alipokuja kulipa,
akauliza, hili la nani, dogo hivi?
La mteja, nikamwambia.
Alitanguliza shilingi mbili.
Amebakiza tatu.